Treyi ya Shemeji Fabien

Watu wa mji wetu wa Baraka hawajui kumsema mtu vizuri mpaka afe. Shemeji yangu Fabien bado yuko hai, anakula, anakoroma, na juzi tu amekanyaga kapu langu la ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila kuomba radhi. Nitamsema kama alivyo.

Alizaliwa Lweba, ufukweni, katika nyumba ya wavuvi ambamo kila mtoto wa kiume alirithi wavu. Yeye aliyaogopa maji. Baba yake alimchukua ziwani akatapika mpaka nyongo, na ndugu zake wanamcheka hadi leo. Vita vilipokuja tulivuka wote kwenda Tanzania, na huko kambini, sisi wengine tukiwa kwenye foleni ya unga, yeye alishinda chini ya malori yaliyoleta chakula, akiwapokeza mafundi spana mpaka akawa fundi mwenyewe. Huko ndiko alikomwona mdogo wangu Constance. Aliporudi nyumbani alikuwa na mke, sanduku la vyombo, na Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam ambacho kilimtoka chote baada ya mwaka mmoja wa kubishana na askari wa vizuizi.

Gari alilikuta limetelekezwa nyuma ya parokia, Land Cruiser la zamani, kuku wakitaga kwenye viti. Alilifufua kipande kwa kipande. Kwenye paji lake aliandika kwa rangi nyeupe MUNGU IKO, na tangu hapo yeye na gari ni kitu kimoja. Wanapanda kutoka Baraka kwenda milima ya Fizi na ndagala, chumvi, sabuni na mimi juu ya magunia yangu. Wanashuka na mihogo, makala yetu, yaani makaa ya kupikia, mbuzi na wagonjwa.

Katikati ya njia hiyo kuna mahali ambapo madereva hupaita Kimeza. Ni bonde dogo, kiangazi unalipita bila hata kulikumbuka. Mvua ikinyesha, udongo wake mweusi unageuka uji, gari likishaingia linakaa kwa tumbo na magurudumu yanazunguka bure. Hapo ndipo wanapotokea wasukumaji, wanaume wa kijiji cha juu ya bonde, na majembe yao na kamba nene, na kiongozi wao Willy, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya. Willy ndiye anayeanzisha wimbo wa kuvuta. Bila wimbo gari halitoki. Nimewahi kusukuma na watu wasioimba, ni afadhali usukume ukuta wa kanisa.

Lakini kabla ya wimbo kuna bei, na bei ya Kimeza ina adabu yake. Dereva hashuki mbio. Anashuka polepole, anaangalia magurudumu kana kwamba ni ya mtu mwingine, anasalimia, anauliza habari za mihogo. Willy anataja bei ya kuchekesha. Dereva anacheka, anamwita mwizi, anarudi kukaa garini. Wasukumaji nao wanakwenda kukaa chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa kando ya barabara, wanavuta sigara zao. Baadaye mmoja anamfuata mwenzake, na mambo yanaanza upya. Mchezo huo unaweza kula asubuhi nzima, na sisi abiria hatulalamiki, maana kila mtu anajua kwamba dereva anayekubali bei ya kwanza ana kitu anachoficha. Labda amebeba dhahabu. Labda ana mgonjwa wa ugonjwa mbaya. Wakishashuku hivyo, ama bei inapanda mpaka mbinguni, ama wanabeba majembe yao wanakwenda zao.

Sasa nimfikie Constance. Nikichelewa kumtaja nitakosa nguvu.

Msimu mmoja wa mvua alipanda kwenda kwenye shamba letu la mihogo huko juu, na kolera, yaani kipindupindu, ikamkuta hukohuko. Kolera kwetu si mgeni. Ziwa ndilo maji yetu na ziwa ndilo choo chetu, tusidanganyane. Ni ugonjwa ambao mtu akifika mapema anatundikiwa serumu, yale maji ya mshipani, keshokutwa anaomba ugali. Asipofika anakauka kama ndagala juani. Fabien alimlaza nyuma ya gari, akamfunika kitenge, akawaambia abiria ni malaria. Kimeza wakakwama. Walipotoka jua lilikuwa linazama, na walipofika Baraka muuguzi alitafuta mshipa wa kuchomea sindano, mkono huu, mkono ule, mguu, hakuupata.

Hata kumwosha watu wa hospitali hawakutuachia. Walimpulizia klore, dawa ya kuua vijidudu, wakamfunga kwenye plastiki, nikamzika mdogo wangu bila kumwona uso. Kwenye matanga wazee wawili walikuwa wakinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwanyang'anya vikombe vyangu vya chai nikawaonyesha njia. Methali haijawahi kumfufua mtu.

Fabien alisema neno moja tu siku zote za kilio.

"Ni Willy. Alikamata bei, hakushusha, mpaka bibi yangu akakauka."

Tukamwamini. Mimi nilimwamini kuliko wote, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumchukia, na Willy alikuwa mbali na alikuwa na sura ya kuchukiwa. Kila mahali penye soko nilisema kwamba mtu wa Kimeza ameuza maisha ya mdogo wangu. Habari zikapanda mlima zenyewe.

Kuanzia hapo Fabien hakumsemesha Willy. Akikwama alimtuma abiria akapatane bei, yeye akabaki ameshika usukani, anatazama mbele. Na ndipo akaanza kuzungumza juu ya treyi.

Treyi, kwa asiyeijua, ni mashine ya gari kujivuta lenyewe kutoka matopeni. Inafungwa mbele ya gari: ngoma ya chuma iliyozungushiwa waya mrefu, na mwisho wa waya kuna ndoano. Unavuta waya mpaka kwenye mti, unaufunga, unabonyeza kitufe, ngoma inazunguka, na gari linajikokota kuufuata mti. Magari ya mashirika makubwa yanayo. Ya kwetu hayana, kwa sababu ya kwetu yana Willy.

Jinsi Fabien alivyoichagua treyi hiyo, hata mke hakumchagua hivyo. Aliwauliza madereva wote, na Baraka ukiuliza swali moja unapewa majibu kumi na kuombwa soda. Mmoja alisema treyi lazima iweze kuvuta uzito wa gari na mzigo wake na nusu yake tena, la sivyo ni pambo. Mwingine alisema tatizo ni batri. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema treyi zote za siku hizi ni uongo. Fabien aliwasikiliza wote kwa uso wa mtu aliye ibadani.

Mwishowe akanichukua twende kwa Jacques, muuza vipuri mwenye kontena karibu na bandari, ambaye mali yake huvuka ziwa kutoka Kigoma. Alinichukua kwa sababu mimi najua kupatana bei, na kwa sababu hakuwa na Constance wa kumwuliza. Jacques alitutolea treyi tatu akaziweka chini. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, nyekundu, inang'aa.

"Hii iko ya kufurahisha macho," Jacques alisema. "Ku gari kidogo inafanya. Ku Mungu Iko na mizigo yake, itaungua siku ya kwanza."

Ya pili ilikuwa kubwa, ya umeme, imetolewa kwenye gari lililopinduka mahali fulani. Injini yake ilikuwa nzima, waya wake una miiba, ukipitisha kiganja unatoka na damu. Ya tatu haikuwa na injini wala haikutaka batri. Wanaiita tirfor, unaifunga kwenye gari na kwenye mti, halafu unaivuta kwa mpini, mbele nyuma, mbele nyuma, na gari linasogea kidogo kidogo. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

"Twaa hii ya mikono," nikamwambia Fabien. "Batri ikikufa, we iko na mikono yako. Mikono haikufake njiani."

"Hapana, Yaya," akanijibu. Ananiita Yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa wa mke wake. "Kuvuta hii, muntu moja atachoka. Ataita wengine. Mi sitaki tena mukono ya muntu ku gari yangu."

Hapo nikajua kwamba hanunui chombo. Ananunua kutomwona Willy tena. Nikaiacha ile ya mikono, maana hata mimi sikutaka kumwona.

Akachagua ile kubwa ya zamani. Jacques, ambaye ni mfanyabiashara lakini si mwizi, akamwonyesha pia mkanda mpana wa turubai.

"Hii unazungusha kwanza ku muti, njo unafunga waya. Bila hii, waya itakula muti."

"Muti ni muti," Fabien akasema. "Mukuyu ya Kimeza iko pale toka babu. Hautakufa juu ya waya."

Sote tukakubali kwa kichwa, hata mimi, hata Jacques mwenyewe kidogo. Ukulie kwenye milima ile, utadhani miti haiishi. Ili kuilipia treyi Fabien aliuza cherehani ya Constance, aliyokuwa ameahidiwa binti yao Divine. Nilimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Alisubiri nimalize, kisha akasema cherehani haikumwokoa mama yake Divine, treyi ingemwokoa.

Msimu ule wa mvua, nakiri, treyi ilifanya kazi. Mara ya kwanza tulipozama Kimeza, Fabien alishuka na buti zake, akavuta waya mpaka kwenye mkuyu, akaufunga kiunoni mwa mti, akarudi akabonyeza. Ngoma ikalia, waya ukanyooka, na Mungu Iko likatoka kwenye tope peke yake, bila wimbo. Abiria walipiga makofi. Wasukumaji walikuwa wamesimama juu ya ukingo na majembe yao. Fabien alipita mbele yao kioo kikiwa wazi, polepole kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Kila mara waya uliuma mkuyu mahali palepale. Gamba likakatika, mti ukatoa maziwa yake meupe, halafu siku moja haukutoa kitu tena. Kabla mvua hazijaisha majani ya juu yalikuwa yameanza kupukutika. Madereva wengine nao waliona faida ya Fabien, wakampungia wamlipe kidogo awavute, naye akawavuta. Wasukumaji wa Kimeza walikaa na kamba yao kavu. Na mtu aliyekosa kazi kwenye milima ile anajua kazi moja tu nyingine, ni makala.

Kiangazi giaboksi ya Mungu Iko ilivunjika, likalala kwa Jacques muda mrefu likingoja kipuri kutoka ng'ambo. Nilikuwa nikipanda kwenda soko za juu kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, usoni vumbi, sitazami pembeni. Makala ya Kimeza yalishuka kwa wingi mwaka ule, mazito, yanawaka vizuri. Nimepikia maharage mengi kwa makala hayo.

Gari lilipopona ilikuwa mawingu yameshaanza kukusanyika. Siku ileile akaja mtu wa moto kutoka juu na habari kwamba Divine anaharisha na kutapika tangu usiku. Divine ameolewa huko, mume wake alikuwa ameenda kuchimba dhahabu Misisi, na kituo cha afya cha hapo kilikuwa kimemaliza serumu. Fabien hakuuliza swali. Mimi nikapanda mbele bila kufunga hata duka langu, nikamwambia jirani alifunge.

Kimeza tulipita mbio, udongo ukiwa bado mkavu. Niliona jua pale ambapo zamani palikuwa na kivuli, nikadhani ni wingu limesogea. Fabien hakutazama, alikuwa anatazama njia.

Divine tulimkuta kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Mtoto yule ana pua ya mama yake. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari, akayarudisha. Tukampakia nyuma, nikakaa naye, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na tulipowasha gari mvua ikaanza. Si mvua ya kutishia. Ilimwagika yote kwa pamoja.

Kimeza lilitupokea katikati kabisa. Magurudumu yakazunguka, gari likakaa kwa tumbo, na Fabien akazima injini bila hata kutukana. Alikuwa na treyi. Alishuka, akaifungua ngoma, akaishika ile ndoano, akaanza kupanda ukingo akiuvuta waya nyuma yake. Nilimwona kupitia kioo. Alifika mahali pa mkuyu akasimama.

Mkuyu haukuwepo. Mti uliokauka hauombewi, walikuwa wameukata. Na kwa kuwa makala ya mizizi nayo ni makala, walikuwa wamechimba mpaka kisiki, pamebaki shimo limejaa maji ya mvua. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Bonde zima lilikuwa vichaka vya kufika magotini. Miti yake ilikuwa imeshuka Baraka miaka mingi, gunia kwa gunia, na mengi ya magunia hayo yalishuka juu ya Mungu Iko. Alitembea na ile ndoano mkononi huku na huku, anagusa kichaka hiki, anajaribu jiwe lile, kichaka kinang'oka, jiwe linatoka mkononi kama muhogo uliooza. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga.

Wasukumaji walikuwa juu ya ukingo chini ya turubai lao. Willy alikuwa katikati. Walimwona vizuri, na hakuna aliyeshuka, maana mwaka mzima walikuwa wameonyeshwa kwamba hawatakiwi.

Fabien akaiacha ndoano kwenye tope. Nikasema moyoni, sasa ataenda, sasa atasema. Akaenda. Lakini hakwenda mbio. Alirudi kwanza kwenye gari, akazunguka akiangalia magurudumu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akapanda ukingo polepole, akasalimia, nikasikia anauliza habari za mihogo. Willy akajibu kitu kifupi. Na Fabien akacheka.

Alicheka. Binti yake anakauka mapajani mwangu, naye alisimama mvuani anacheka, anamwita Willy mwizi, halafu akageuka kurudi garini kama inavyotakiwa. Uso wake ulipokuja upande wangu ulikuwa umekufa, mdomo tu ndio uliokuwa bado unacheka.

Hapo ndipo nilipoijua siku ya Constance yote, kana kwamba nilikuwepo. Hakuna aliyekamata bei. Ni yeye aliyekuwa akicheka hivihivi, akirudi garini hivihivi, ili wasijue anaficha nini. Alicheza mchezo wa bei mpaka jua likashuka, na mdogo wangu alikuwa nyuma yake chini ya kitenge, akimsikiliza.

Nilifungua mlango nikapiga kelele. Sijui nguvu niliitoa wapi.

"Iko na kolera! Mutoto iko na kolera! Anakufa!"

Wanaume wote walirudi nyuma hatua moja. Fabien akaniangalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Nani?" Willy akauliza.

"Divine. Mutoto ya Constance."

Willy alivua shati, akaita majina, na watu wakakimbia kijijini. Walirudi na kipoyi, ile machela yetu ya miti miwili na blanketi, iliyokuwa tayari imefungwa, nyeusi kwa kutumika. Walimshusha Divine wakamlaza, mmoja akamshikia turubai kichwani, wakaingia kwenye tope mpaka mapajani, wakapita kandokando ya gari kama vile si kitu, wakapandisha upande wa pili. Hawakuimba. Hakuna aliyetaja bei. Sikuwa nimemaliza kuvua viatu vyangu wakawa wamefika juu, ambako moto za Baraka huwa zinangojea abiria.

Fabien alikuwa amesimama palepale. Willy alirudi akamkaribia, tope mpaka kifuani, akasema kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Ile siku, bibi yako alikuwa mu gari?"

Fabien akaitika kwa kichwa.

"Nilikuambia bei ya chini. Nilikuambia mvua inakuya, tukutoshe mu matope mbio. We njo ulikataa. Ulicheka na sisi."

"Niliogopa mutakimbia," Fabien akasema.

"Tukimbie wapi? Mutoto yangu ya kwanza alikufaka na kolera. Hii kipoyi njo ya kwake. Bantu ya hapa tunabebaka bagonjwa kila mwaka, tunanawa na majivu, tunarudia ku kazi. Kama ungesema neno, tungemubeba mbele hata hujashuka." Akafuta uso, sijui ni mvua. "Mwaka muzima munaniita muuaji mu soko ya Baraka. Mi sikujuaka hata kama kuko muntu mule ndani."

Fabien alikaa chini kwenye matope. Sikumwinua. Nilimfuata Divine, nikapanda moto nyuma yake, yeye katikati, dereva mbele, nimemkumbatia mpaka Baraka ili asianguke, na njia nzima nilikuwa nikimwambia usilale, usilale. Muuguzi alitafuta mshipa. Safari hii aliupata.

Divine yuko hai. Ameshaniuliza mara mbili habari za cherehani, na mimi nimemwambia amwulize baba yake. Mungu Iko lilikaa Kimeza mpaka mvua zilipokata, waya wake umelala matopeni, na walipolitoa walilitoa kwa kamba na wimbo. Treyi bado iko mbele ya gari, imeshika kutu. Jacques alitaka kuinunua tena, Fabien akakataa, hakusema kwa nini.

Mimi nilipanda mlima kwenda kumwomba Willy radhi kwa yale niliyoyasema sokoni. Alinipa kiti, akanipa mihogo, akasema yamekwisha. Hayajaisha, nilimwona usoni. Fabien sijamsamehe. Napanda gari lake kwa sababu ndilo gari lililopo, na nampikia Jumapili kwa sababu Constance angetaka, na anajua kwamba sijamsamehe, hatuzungumzii.

Siku hizi tukizama Kimeza hashuki polepole. Kabla hata injini haijazimika anafungua mlango, anasimama juu ya kizingiti cha gari, na kupaza sauti mpaka kijijini.

"Hakuna mugonjwa! Leo hakuna mugonjwa!"

Willy anainua mkono, kisha ndipo wanapoanza mambo ya bei. Abiria wageni huwa wanacheka, wanadhani dereva ana wazimu kidogo. Mimi niko nyuma, juu ya magunia yangu, na kila anapopaza ile sauti nafikiri jinsi ilivyo kubwa, na kwamba siku ile Constance alikuwa hapa nilipokaa, anaingoja.